Mbwa Anayejikuna: Namna ya Kutafuta Chanzo, Kumtuliza, na Kujua Siku ya Kumpeleka kwa Daktari

Mbwa wangu wa kwanza nilipohamia Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Viktoria, alikuwa na mazoea ya kulala chini ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, mahali ambapo kivuli hakiondoki mchana kutwa na vumbi lake ni laini kama unga. Alianza kujikuna mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipoanza, na kufikia Krismasi alikuwa amejing'ata kiunoni hadi ngozi ikabaki wazi. Nilimwosha kwa sabuni, nikampaka mafuta, nikamnunulia dawa dukani, na kila mara alipata nafuu ya siku tatu au nne kisha akarudi palepale. Ilinichukua miezi mingi kuelewa kwamba nilikuwa nikimtibu mbwa peke yake, ilhali kilichomsumbua kilikuwa kimejificha katika lile vumbi la chini ya jiwe.

Kuwashwa si ugonjwa. Ni dalili, kama ilivyo homa kwa binadamu, na dalili hiyo moja huletwa na viroboto, kupe, wadudu wa upele, bakteria, fangasi, mzio wa vumbi au wa chakula, na mara nyingi na mambo mawili au matatu kwa pamoja. Ndiyo maana dawa iliyomponya mbwa wa jirani inaweza isimsaidie wako hata kidogo, ingawa wote wawili wanajikuna kwa namna ileile machoni pa mpita njia.

Tazama kabla hujashika dawa

Tenga nusu saa ya asubuhi, wakati jua limeshatoka lakini halijawa kali. Andaa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji na kitana chenye meno yaliyokaribiana, kama kile cha kutolea chawa. Mlaze mbwa ubavu, mtu anayemzoea amshike kichwa na kumsemesha kwa upole, kisha anza kuchana kiunoni, juu kidogo ya shina la mkia, ukirudisha manyoya kinyume na yanavyolala.

Vile vichembe vyeusi vitakavyodondoka vipukutishe juu ya kitambaa na usubiri dakika moja au mbili. Uchafu wa kawaida hubaki kama ulivyo. Kinyesi cha kiroboto, ambacho kwa sehemu kubwa ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa mdudu, huanza kuchuja, na kila chembe huzungukwa na duara dogo la rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, kama kutu inayoyeyuka. Ukiiona rangi hiyo, jua viroboto wapo, hata kama hukumwona mmoja akiruka. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhitaji kuumwa mara chache tu ili awashwe mwili mzima, naye hujilamba kwa bidii hadi ushahidi wenyewe ukatoweka.

Mahali anapojikuna panaeleza mengi. Kiuno, shina la mkia na sehemu ya nyuma ya mapaja ndipo penye alama ya viroboto. Kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo vikiwa na magamba makavu na manyoya yaliyopukutika, huku mbwa akijikuna usiku na mchana bila kupumzika, fikiria upele unaoletwa na mdudu asiyeonekana kwa macho, anayechimba ndani ya ngozi. Kuna jaribio moja rahisi: kunja ncha ya sikio na kuisugua kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Mbwa wengi wenye upele huanza kupiga mguu wa nyuma hewani kana kwamba wanajikuna. Jaribio hilo halithibitishi kitu peke yake, lakini hukuelekeza. Na ikiwa watoto wanaocheza naye nao wameota vipele vyekundu mikononi au tumboni, shaka inazidi kuwa na nguvu. Wadudu hao wa mbwa hawadumu katika ngozi ya binadamu, hivyo vipele hivyo kwa kawaida huisha mbwa akishatibiwa, ingawa mtu anayewashwa sana asisite kwenda zahanati.

Mbwa anayelamba nyayo hadi manyoya yakageuka rangi ya kahawia, anayesugua uso kwenye kochi au ukutani, mwenye kwapa jekundu na masikio yanayowasha mara kwa mara, huenda ana mzio. Ule unaotokana na vumbi, chavua au ukungu huanza mara nyingi kati ya umri wa miezi sita na miaka mitatu. Mtoto wa mbwa anayepoteza manyoya kwa mabaka usoni na miguuni bila kuwashwa sana mwanzoni huenda ana aina nyingine ya wadudu wa ngozi, ambayo haiambukizi mbwa wengine wala watu. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya yanaweza kuwa fangasi, na hiyo huambukiza watu, kwa hiyo nawa mikono kila ukimshika.

Huku ukanda wa ziwa kuna mambo ya kuangalia ambayo vijitabu vya kigeni mara nyingi huyapita. Tenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja na kutazama chini ya nyayo: tekenya hawachagui mtu wala mbwa, na nukta nyeusi iliyozungukwa na uvimbe mweupe ndiyo alama yao. Kama unafuga kuku uani, kagua kuzunguka macho na kwenye kingo za masikio. Wale viroboto weusi wanaojishikiza kwenye uso wa kuku bila kuruka hujishikiza vilevile kwa mbwa, na usipoangalia kwa karibu utadhani ni uchafu uliokauka. Jipu lenye tundu dogo katikati linalotoa majimaji linaweza kuwa na funza wa ngozi ndani yake. Ncha za masikio zenye magamba ya damu ni kazi ya nzi wanaouma, hasa kwa mbwa wanaoshinda karibu na mazizi au sehemu za kuanikia samaki. Ama wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama nguzo za moshi, wengi huwasingizia bure, kwa kuwa hawaumi.

Mwisho wa ukaguzi, nusa. Ngozi iliyonenepa, nyeusi, yenye mafuta na harufu kama ya pombe iliyochacha, hasa masikioni, kwapani na katikati ya vidole, mara nyingi ina aina ya hamira inayoishi juu ya ngozi na kuzidi inapopata joto na unyevu. Vipele vyenye usaha na magamba ya duara ni dalili ya bakteria. Hivi viwili kwa kawaida huja baada ya kitu kingine kuiharibu ngozi, kwa hiyo ukivitibu vyenyewe na kukiacha kilichoanza, vitarudi.

Kiroboto yuko ardhini zaidi kuliko mwilini

Vitabu vilivyoandikwa Ulaya huzungumzia msimu wa viroboto, kwa sababu huko majira ya baridi huwapunguza. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini haina baridi ya kuwazuia wadudu hawa, na joto la mwaka mzima pamoja na unyevu wa ziwa huwafanya wazaane mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kila mbwa anayejikuna mjini humu atibiwe viroboto kwanza, kwa ukamilifu, kabla ya kufikiria mambo ya gharama kubwa.

Kiroboto jike anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku akiwa juu ya mbwa. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Hudondoka popote mbwa anapolala. Yakianguliwa hutoa vibuu vinavyokimbia mwanga na kujichimbia vumbini, vikila kile kinyesi cheusi kilichodondoka pamoja na mayai, kisha kila kimoja hujifungia ndani ya kifuko kinachonasa mchanga na kusubiri humo kwa siku, wiki, hata miezi, mpaka kihisi mtikisiko au joto la mnyama anayepita. Wataalamu hukadiria kwamba viroboto wakubwa walioko mwilini ni takriban asilimia 5 tu ya wote walioko katika mazingira ya mbwa huyo. Ukimpaka mbwa dawa na kuliacha vumbi, umegusa sehemu hiyo ndogo tu.

Fanya kazi zote katika siku moja. Ondoa gunia au nguo kuukuu anayolalia na uichome moto, au uichemshe na kuianika juani. Fagia mahali anapolala hadi uondoe lile tabaka la vumbi laini, ulifunge kwenye mfuko na kulichoma au kulifukia mbali na nyumba. Kwa wanaoishi kwenye vilima vya mawe, kama Mabatini au Bugando, mianya ya chini ya mawe ndiyo maficho makubwa, na dawa ya kupuliza haifiki ndani yake. Ni afadhali kuiziba kwa mawe madogo na udongo, kisha kumtengenezea mbwa chaga ya mbao iliyoinuka kutoka ardhini, ambayo unaweza kuiinua na kufagia chini yake kila wiki. Ndani ya nyumba, fagia chini ya vitanda na makochi na upige deki. Siku hiyohiyo watibu mbwa wote na paka wote wa kaya, kwa kuwa mnyama mmoja aliyeachwa anatosha kuwarudisha.

Kuhusu dawa ya mwilini, zipo za matone yanayodondoshewa shingoni, zipo za kupuliza, na vipo vidonge vya kutafuna vya kundi la isoksazolini, ambavyo huua viroboto na kupe na hutumiwa na madaktari hata kwa upele. Baadhi hufanya kazi kwa mwezi mmoja na baadhi kwa wiki 12. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe vidonge hivyo kabla ya kuzungumza na daktari. Chagua dawa kulingana na uzito uliopimwa, si wa kukisia; ukikosa mizani, panda kwenye mizani ya kupimia magunia ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, na utoe tofauti. Angalia pia lebo kama dawa ina permethrini, kwa sababu kiasi ambacho mbwa hukistahimili kinaweza kumuua paka anayelala naye. Watoto wa mbwa walio chini ya wiki nane wachanwe kwa kitana na kuogeshwa maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, wakaushwe vizuri, na dawa nyingine yoyote itoke kwa daktari.

Endelea kwa miezi mitatu mfululizo hata kama kujikuna kumekoma, kwa kuwa vile vifuko vya vumbini havifi kwa dawa za kupuliza na vitaendelea kupasuka. Na ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele karibu na mkundu wa mbwa, huyo ni tegu, ambaye mbwa humpata kwa kumeza kiroboto. Mwombe daktari dawa ya minyoo inayomwondoa.

Dawa ya ng'ombe na vitu vingine vya kuepuka

Katika mkoa wa wafugaji kama huu wetu, dawa ya kuogeshea ng'ombe haikosekani, na mbwa akijikuna ndiyo inayokuja akilini kwanza. Mimi pia niliingia duka moja la pembejeo za mifugo, na kijana aliyekuwa akiuza akanipokea kwa heshima: "Shikamoo mzee. Unaogesha ng'ombe au mbuzi?" Nilipomwambia ni mbwa, alinimiminia kidogo kwenye chupa ya soda isiyo na lebo na kunionyesha kwa vidole kiasi cha kuchanganya kwenye ndoo. Jioni ile mbwa alilegea, akawa anapepesuka, akatapika, na mwili wake ukapoa kiasi kwamba nilikesha naye nikimfunika blanketi. Alipona, lakini sikujua nilimpaka nini wala kwa nguvu gani, na hata daktari angekuja usiku ule nisingekuwa na la kumweleza.

Ng'ombe hajilambi mwili mzima kama mbwa. Kinachomwagwa juu ya ngozi ya mbwa, hasa ngozi iliyochubuka, huishia tumboni mwake ndani ya saa chache. Amitrazi, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuogeshea, hutumiwa na madaktari kwa mbwa pia, lakini kwa kipimo chake na kwa uangalizi, na haiwafai watoto wachanga wa mbwa wala mbwa wenye kisukari. Ikizidi huleta usingizi mzito, kupepesuka na moyo kwenda polepole. Dawa nyingine za kupe, hasa za kundi la oganofosfeti, humfanya mbwa atokwe na mate mengi, aharishe na kutetemeka. Yakitokea hayo, vaa glavu, mwoshe mara moja kwa maji mengi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mzuie asijilambe, usimnyweshe maziwa wala kumtapisha kwa nguvu, chukua chombo cha dawa na uende naye kwa daktari bila kungoja kupambazuke.

Tafadhali usimwogeshe mbwa aliyepakwa dawa hizi ziwani, wala usisuuzie ndoo yake huko. Nyingi ya dawa za kuua kupe ni sumu kali kwa samaki hata zikiwa kidogo, na maji ya ufukweni ndiyo wanamokulia samaki wadogo. Mtu anayesimama majini kumwogesha mbwa naye anajiweka katika hatari ya kichocho.

Oili chafu ya gari, ambayo bado inapakwa mbwa wengi, haiponyi upele; huunguza ngozi, huingia mwilini kwa kulambwa na kuharibu ini na figo. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia vyoo ziko katika kundi hilohilo. Sindano ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu ya ng'ombe, ni kali kiasi kwamba kosa dogo la kipimo kwa mbwa ni kosa kubwa, na baadhi ya mbwa wenye asili ya mbwa wachungaji wa Ulaya, koli wakiwa wa kwanza na baadhi ya german shepherd wakiwemo, wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kufika kwenye ubongo. Matokeo yake ni upofu, kuanguka na kupoteza fahamu. Usimpe pia diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli ya nyumbani. Mafuta ya ngozi ya binadamu yenye steroidi, yale ambayo wengine huyatumia kujichubua, mbwa atayalamba tu.

Kumtuliza wakati chanzo kinatafutwa

Maji yasiyo ya moto ni msaada mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwogeshe kwa maji ya kawaida na shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuifanya iwashe zaidi. Kama ngozi ina usaha au ile harufu ya chachu, tafuta shampuu yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, na baada ya kuipaka povu lote lisuuzwe dakika 10 zikishapita. Zihesabu kwa saa. Dakika 10 ni ndefu ukiwa umemshika mbwa aliyelowa, na watu wengi, nami nikiwa mmoja wao, tumeilaumu shampuu ambayo haikupewa muda wa kufanya kazi. Ukitumia dawa ya matone shingoni, acha siku mbili kabla na siku mbili baada yake bila kuogesha.

Kidonda chenye majimaji kinachotokea ghafla na kupanuka ndani ya saa chache, mara nyingi kwa mbwa mwenye manyoya mengi aliyeogelea ziwani na kuachwa alowe, kinahitaji hewa. Nyoa manyoya yanayokizunguka kwa uangalifu, kioshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa safi. Akikataa kuguswa kwa maumivu, acha. Hiyo ni kazi ya daktari. Ili asiendelee kujing'ata, kata tako la ndoo ndogo ya plastiki inayomtosha kichwa, lainisha kingo na uzizungushie kitambaa, toboa matundu na uifunge kwenye ukanda wa shingo. Hakikisha anaweza kula, kunywa na kupumua vizuri. Ndani ya masikio usichokonoe kwa pamba za vijiti.

Wengi huuliza kuhusu piritoni, vile vidonge vya mzio vya binadamu. Dawa za aina hiyo husaidia mbwa wachache, tena kidogo, na hatari yake kubwa ni kwamba vidonge vya mafua vinavyofanana nazo vimechanganywa na parasetamoli. Prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, nayo hutuliza haraka sana, na kasi hiyo ndiyo inayowavutia watu kuinunua wenyewe. Lakini hufunika dalili ambazo daktari anazihitaji, huuacha upele na usaha uendelee kusambaa chini kwa chini, na ikitumiwa kwa muda mrefu haiachwi ghafla.

Ikiwa ni chakula

Mzio wa chakula upo, ila si wa kukimbilia kabla viroboto, upele na usaha havijaondolewa. Hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa kwa jambo hili. Njia ni kumlisha mbwa kwa wiki nane nyama moja na wanga mmoja ambavyo hajawahi kula, kisha kumrudishia chakula cha zamani na kuona kama muwasho unarudi, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki mbili.

Hapa ushauri wa kigeni hutupotosha. Huko nje mara nyingi hupendekezwa samaki, kwa sababu mbwa wao wengi wamekulia nyama ya ng'ombe na kuku. Mbwa wa Mwanza ameachishwa ziwa la mama kwa uji wa dagaa, amekua kwa ugali na mapanki, yaani mabaki ya mifupa ya sangara, na kama ana mzio wa protini fulani, samaki ni mshukiwa kama wengine. Ikiwa hajawahi kula mbuzi, nyama ya mbuzi na viazi vitamu, vibichi vya kuchemsha au hata michembe (vipande vya viazi vilivyokaushwa) iliyolowekwa na kupikwa, vinafaa kwa jaribio hili. Vinginevyo jaribu sungura. Jaribio linataka ukali. Unga wa dagaa uliobaki kwenye sufuria, makombo ya mtoto, mfupa uliookotwa jalalani, kila kimoja kinakurudisha siku ya kwanza, na mbwa anayezurura hadi soko la samaki la Mwaloni hawezi kufanyiwa jaribio hili mpaka awe ndani ya uzio. Mtoto wa mbwa anayekua asiwekwe kwenye mlo huu bila daktari kuupanga.

Siku ya kumpeleka

Kwanza lile ambalo halingoji hata saa moja. Mbwa anayejing'ata au kujikwaruza kwa nguvu mahali pamoja, hasa palipokuwa na jeraha la kung'atwa na mnyama mwingine wiki au miezi iliyopita, huku tabia yake ikiwa imebadilika, sauti imebadilika, anadondosha mate, anashindwa kumeza au anashambulia bila sababu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Muwasho mahali alipong'atwa ni mojawapo ya dalili za mwanzo za ugonjwa huo. Usimkague kwa kitana, usimfungue mdomo. Mfungie ndani kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, waondoe watoto, na umwite afisa mifugo. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa dalili zikishaanza kwa mtu huyo ugonjwa karibu kila mara huua.

Siku hiyohiyo pia apelekwe mbwa aliyevimba uso ghafla au anayepumua kwa shida, mwenye dalili za sumu nilizozieleza, mwenye funza wanaotembea ndani ya kidonda, na yule ambaye ufizi wake umepauka. Inua mdomo wa juu na ubonyeze ufizi kwa kidole: weupe unaobaki unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi mweupe kwa mtoto wa mbwa aliyejaa viroboto maana yake wamemnyonya damu hadi hatari. Kwa mbwa mkubwa mwenye kupe, homa, uchovu, kutokwa damu puani au mkojo wenye rangi ya chai iliyokolea, huenda kupe wamemwambukiza vimelea vya damu, na kumwogesha hakutasaidia kitu.

Ndani ya siku mbili tatu, mpeleke mwenye usaha, harufu mbaya, kidonda kinachopanuka, sikio linalouma au kichwa kilichoinama upande mmoja, na yeyote ambaye kuwashwa kunamnyima usingizi au hamu ya kula. Mbwa ambaye watu wa nyumbani wameanza kuwashwa pamoja naye asichelewe pia. Kwa wengine wote, ukishafanya kazi ya viroboto kikamilifu na wiki mbili zikapita bila nafuu yoyote, usiongeze dawa nyingine kwa kubahatisha. Mbwa mzee anayeanza kuwashwa kwa mara ya kwanza maishani mwake naye aonwe, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa ndani ya mwili.

Afisa mifugo wa kata ndiye aliye karibu, na anaweza kukuelekeza kwa daktari. Ni haki yako kuuliza kama anayekuhudumia ameandikishwa na Baraza la Veterinari, kama inavyotakiwa na Sheria ya Veterinari ya 2003. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo hapa Mwanza, ambako sampuli zinaweza kupelekwa iwapo daktari ataona haja. Anayetoka Ukerewe au visiwa vingine apige simu na kutuma video ya mbwa akijikuna kabla hajapanda kivuko. Daktari anaweza kumwambia mapema kama safari ni ya leo au ya wiki ijayo.

Usimwogeshe mbwa siku mbili kabla ya kwenda, kwa kuwa utaondoa kile kinachotafutwa. Beba vyombo vya dawa zote ulizotumia, hata ile unayoionea aibu kuitaja. Andika alianza lini, alianzia wapi mwilini, anakula nini, analala wapi, na kama paka, kuku au watu wa nyumbani nao wanawashwa. Daktari atachana, atabandika na kubandua utepe wa gundi juu ya ngozi, na huenda akaikwangua kwa kisu butu mpaka damu kidogo ijitokeze, kwa sababu wadudu wengine wamekaa ndani kiasi hicho, kisha ataangalia kwa hadubini. Akikwangua mara moja na asione kitu, upele haujakanushwa. Wadudu wake ni wachache na wagumu kupatikana, na madaktari mara nyingi huutibu kwa kujaribu.

Ukipewa dawa ya usaha, kawaida hutolewa kwa wiki kadhaa. Ngozi hupendeza kabla haijapona, na wiki ya pili ndipo wengi wetu huacha kumpa vidonge kwa kuona manyoya yameanza kuota. Mrudishe kwa daktari tarehe aliyokupangia, akiwa bado anakunywa dawa, ili aseme yeye kama ni siku ya kuacha.